Kipandio cha Mwisho cha Ngazi ya Harlan

Kuna watu ukikutana nao watakuuliza habari za mvua, na wengine watakuuliza habari za goti lako. Harlan Terpstra alikuuliza benki yako inatoa ngapi. Angekukuta kwenye duka la chakula cha mifugo, kwenye mazishi, au mlangoni mwa kanisa hata kofia hujaivaa sawasawa, akakushika mkono na kusema, "Enhe, wanatoa ngapi siku hizi kule kwenu?" Nawe ulijua kwamba haulizi bei ya maziwa. Alitaka asilimia. Alitaka kujua, mtu akiweka hati ya amana kwa muda fulani bila kuigusa, benki itamwongezea kiasi gani.

Mkewe, Marlys, aliishi na swali hilo miaka hamsini na minane. Siku ya tatu ya ndoa yao, wakiwa mjini Des Moines kwa fungate, Harlan alisimamisha gari mbele ya benki ambayo hata haikuwa yao, akashuka, akasoma bango la dirishani, kisha akarudi anatabasamu kama aliyeokota kitu.

"Robo asilimia zaidi ya kwetu, Mama."

Alimwita Mama kabla hawajapata mtoto. Mtoto hawakumpata kamwe, lakini jina likabaki.

Walikamua ng'ombe miaka arobaini nje kidogo ya Holwerda, mji mdogo wa Iowa wenye makanisa matatu na taa moja ya barabarani. Magoti ya Harlan yalipokataa, waliuza ng'ombe, wakauza shamba, wakahamia nyumba ya mbao mjini. Hapo ndipo Harlan alipotengeneza ngazi yake.

Ngazi yenyewe ilikuwa hivi. Pesa zote alizigawa mafungu kumi, na kila fungu akalikatia hati ya amana ya miaka mitano. Lakini alizipanga kwa namna ambayo kila baada ya miezi sita hati moja ingeiva. Ikiiva, anaichukua na kuirudisha juu kwa miaka mitano mingine. Kila hati aliiita kipandio. Aliichora katika daftari la jalada la kijani, vipandio kumi vilivyonyooshwa kwa rula, na chini ya mchoro akaandika kwa herufi kubwa, kama anayemwandikia mtu asiyesikia vizuri: KINACHOIVA KINARUDI JUU. MIAKA MITANO. USIWE NA HARAKA.

Marlys, ambaye alikuwa mpishi wa shule ya msingi miaka ishirini na sita na hesabu zake zilikuwa za vijiko na sufuria, aliuliza mara moja tu, "Na tukizihitaji?"

"Tuzihitaji za nini? Tuna kila kitu."

Kwa kweli walikuwa na kila kitu. Walikuwa na tosta nne za kuchomea mkate, zote zawadi za benki za enzi zile ambapo benki ilikupa zawadi ukiweka pesa.

Kusahau kwa Harlan kulianza polepole. Siku moja daftari la kijani lilikutwa kwenye friza, chini ya mahindi. Siku nyingine alimuuliza mchungaji wanatoa ngapi, akajibiwa, akauliza tena, na tena, mpaka mchungaji akaingia ndani ya gari lake. Halafu usiku mmoja wa Januari alitoka na soksi tu kwenda kukamua ng'ombe waliouzwa miaka tisa iliyopita. Alirudishwa na dereva wa gari la kusukuma theluji, vidole vya miguu vimekuwa vyeupe kama mishumaa.

Baada ya hapo hapakuwa na la kujadili. Akapelekwa makao ya wazee ya pale pale Holwerda, kwenye upande wa wale wanaosahau, ambao mlango wake hufunguliwa kwa namba. Kutoka nyumbani ilikuwa dakika nane kwa miguu. Nawaomba mzikumbuke dakika hizo nane, kwa sababu zilikuwa utajiri wote wa Marlys. Macho yake yalikuwa yameharibika katikati, akikutazama uso anaona masikio yako tu, na leseni ya gari alikuwa ameshairudisha. Makao yale hayakupokea wazee wanaolipiwa na serikali. Yaliyowapokea yalikuwa maili tisini kaskazini. Kwa hiyo siku Harlan akikosa wa kumlipia, ataondoka, na Marlys hatakuwa na miguu ya kumfuata.

Gharama ilikuwa dola elfu nane na mia saba kwa mwezi. Hundi ya uzeeni ya Harlan ilibeba sehemu ndogo. Iliyobaki ililipwa na ngazi, kipandio kimoja kila miezi sita. Ngazi ambayo Harlan aliitengeneza ya kupandia, Marlys aliishuka, na kila kipandio alichoshuka alikitia motoni kama kuni. Kwa miaka minne na nusu viliungua vinane, na cha tisa kilikuwa kimeshaanza kushika moto.

Cha kumi kiliiva mwezi wa Machi. Kilikuwa na dola elfu arobaini na moja.

Benki ndogo ya Holwerda ilikuwa imeshanunuliwa na benki kubwa yenye matawi nchi nzima. Waliondoa saa ya ukutani na bakuli la pipi, wakaweka kompyuta na zulia. Wafanyakazi wa zamani waliobaki ni wawili, na mmoja wao alikuwa Kendra Osterhaus, mwanamke wa miaka arobaini aliyekula chakula cha Marlys tangu darasa la kwanza.

"Karibu, Bi Marlys. Penseli iko wapi leo?"

"Sikioni. Na wewe yako?"

"Yangu ni hii kompyuta."

"Umeme ukikatika utanitafuta."

Kendra alicheka, akamvutia kiti. "Mpaka leo sijasahau ulivyoninyima kipande cha pili cha keki."

"Ulikuwa hujala njegere."

"Nilikuwa na miaka saba!"

"Na njegere zilikuwa kumi na mbili. Nilizihesabu. Haya, niambie, wanatoa ngapi?"

Swali lilimtoka lenyewe, kwa sauti ya Harlan kabisa. Kendra akamgeuzia kioo cha kompyuta, kisha akakumbuka macho yake, akaanza kumsomea.

"Kwanza, una siku kumi za neema tangu hati ilipoiva. Ndani ya siku hizo unachagua unachotaka. Leo ni ya pili."

"Neema ya siku kumi tu? Mchungaji wetu huahidi zaidi."

"Mchungaji wenu hana wakubwa huko pwani ya mashariki. Sasa sikiliza. Hii ndiyo tunayoitangaza sana, miezi saba, asilimia nne nukta moja."

"Kwa nini saba? Kwa nini si sita, kama watu?"

Kendra akashusha sauti. "Ili usahau. Saba ikipita usipotokea, inajifunga tena yenyewe kwa asilimia ambayo hata sitaki kukutajia."

Marlys aliandika katika daftari la kijani, herufi kubwa ili aweze kuzisoma kwa pembe ya jicho. Alikuwa na namna yake ya kulinganisha, ambayo Kendra hakuwahi kuiona kwa mteja mwingine. Siku moja ya Harlan pale makao ilikuwa dola mia mbili na tisini. Kila asilimia aliyosomewa aliigeuza kuwa siku. Miezi saba ikawa siku tatu za Harlan na kipande cha siku ya nne. Miezi kumi na mitatu, asilimia tatu na nusu, siku tano na asubuhi yake. Miaka mitatu aliiruka, asilimia yake ilikuwa ndogo kuliko ya miaka mitano. Na miaka mitano, asilimia tatu na robo, ilimpa siku ishirini na tatu.

"Ishirini na tatu," alirudia. "Karibu mwezi."

"Ndiyo, lakini ni baada ya miaka mitano, Bi Marlys. Na ukiivunja kabla, adhabu ni faida ya mwaka mzima, hata kama mwaka haujafika. Wanakata kwenye pesa zako mwenyewe." Kendra aliweka mikono mezani. "Nikushauri kama binti yako?"

"Nishauri."

"Usifunge kitu. Ziache kwenye akaunti ya kawaida mpaka nyumba iuzike."

Nyumba ilikuwa na mnunuzi. Kijana mmoja na mkewe, walimu, walikuwa wameshatoa kishika uchumba cha dola elfu moja na tarehe ya kukabidhiana ilikuwa katikati ya Aprili. Marlys angehamia chumba kidogo cha juu ya duka la maua, nako kulikuwa dakika sita tu hadi kwa Harlan. Kipandio cha tisa kilikuwa bado na pumzi hadi mwisho wa Juni. Kila kitu kilikuwa kimepangwa.

"Kwenye akaunti ya kawaida wanatoa ngapi?"

"Dola nne."

"Kwa mwezi?"

"Kwa mwaka."

"Hata kwa peremende za Harlan hazitoshi," Marlys alisema, akafunga daftari. "Nitafikiria."

Alifikiria siku saba. Siku ya tisa ya neema alichukua karatasi aliyochapiwa na Kendra, akaenda nayo kwa Harlan. Si kwamba alitegemea ushauri. Kwa miezi kumi na moja Harlan hakuwa amemwita jina lolote. Alimwita "bibi", kwa adabu, kama unavyomwita mtu mliyekaa naye benchi moja hospitali. Alimpelekea karatasi kwa sababu swali lile lilikuwa ndicho kitu pekee alichobaki nacho, na mkewe aliona aibu kwenda kila siku mikono mitupu.

Mlangoni alipokelewa na Rochelle, mhudumu wa zamu ya mchana.

"Mumeo leo kaniuliza wanatoa ngapi. Nikamwambia, mimi wananitolea kumi na saba kwa saa."

"Akasemaje?"

"Akasema nisichukue! Eti nisubiri, itapanda."

Harlan alikuwa dirishani, blanketi magotini. Marlys akamtolea peremende nyeupe, ile ile waliyokuwa wakipeana kanisani mahubiri yanapoanza. Akaiweka mdomoni, akainyonya, macho yakiwa kwenye maegesho ya magari.

"Wanatoa ngapi?" akauliza.

"Miezi saba, nne nukta moja. Miaka mitano, tatu na robo."

Akanyoosha mkono. Marlys akampa karatasi akidhani ataikunja, kama alivyokunja kila karatasi. Hakuikunja. Kidole chake cha shahada, chenye kovu la waya wa uzio wa ng'ombe, kilishuka mstari kwa mstari, kikasimama chini kabisa. Akamtazama mkewe. Akamtazama yeye hasa.

"Chukua miaka mitano, Mama," alisema. "Sisi tuna haraka gani?"

Halafu akageukia tena maegesho.

Marlys alikaa pale mpaka chakula cha jioni kikaletwa na kuondolewa. Alimwita Harlan mara kadhaa, kwa sauti ya chini na ya juu, na Harlan akamjibu, "Ndiyo, bibi." Lakini jambo lilikuwa limeshatokea. Rochelle mwenyewe, aliyekuwa hapo nyuma yao, alilisikia.

Kesho yake ilikuwa siku ya kumi. Kendra aliposikia, alivua miwani.

"Bi Marlys. Kwa heshima zote. Mzee Harlan hajui hata mwaka huu ni mwaka gani."

"Najua."

"Sasa?"

"Kwa miaka hamsini na minane yeye ndiye aliyechagua, Kendra. Sijawahi kumpinga wakati alipokuwa hajui jina langu, nitampinga siku aliyolijua?"

Maneno hayo hayakuwa na mantiki, na Marlys aliyasikia yakitoka hivyo hivyo bila mantiki. Lakini alitia sahihi, pale Kendra alipomwekea kidole. Miaka mitano. Alirudi nyumbani kwa miguu akiwa mwepesi kama msichana, akala supu ya mbaazi mabakuli mawili.

Tarehe kumi na moja Aprili mkaguzi aliyetumwa na wale walimu alishuka kwenye chumba cha chini cha nyumba akakaa huko saa nzima. Alipopanda juu alikuwa na vumbi magotini. Ukuta wa upande wa mashariki ulikuwa umeanza kuinama kwa ndani. Kuunyoosha kungegharimu karibu nusu ya bei ya nyumba yenyewe. Walimu waliomba radhi, wakachukua kishika uchumba chao. Mwanamke alilia kidogo jikoni, akasema alishapenda dirisha la pale juu ya sinki.

"Na mimi pia," Marlys alisema.

Dalali aliteremsha bei, akaiteremsha tena. Mei hakuja mtu. Juni alikuja mtu mmoja, akapiga picha ya ukuta, akaondoka. Marlys aliuza gari lililokuwa limelala gereji, akauza cherehani, akauza tosta tatu kwa dola kumi zote. Kipandio cha tisa kilimalizika siku ile ile aliyokuwa ameiandika.

Julai alirudi benki. Safari hii hakuwa na penseli, na Kendra hakuitania.

"Ivunje," Marlys alisema.

"Nikusomee adhabu kwanza?"

"Nisomee."

"Dola elfu moja mia tatu thelathini na mbili. Faida uliyopata kwa miezi minne ni mia nne arobaini na nne, hiyo inaondoka yote. Iliyobaki tunakata kwenye mtaji wako." Kendra akasogeza kiti karibu. "Niliwapigia simu makao makuu ya benki. Niliwaeleza. Wana sababu mbili tu za kusamehe."

"Zipi?"

"Mahakama iamue kwamba mwenye hati hana akili timamu. Au afe."

"Hati ni ya nani?"

"Ni yako peke yako, Bi Marlys. Ulilitoa jina lake mwaka alioingia kule."

Marlys akakumbuka. Alishauriwa hivyo, kwa usalama. "Basi mimi ndiye ningepaswa kuwa mwendawazimu," alisema. "Nilikuwa, Kendra. Machi ile nilikuwa kabisa. Hawakubali ya nyuma?"

Kendra akacheka, kisha akafunika mdomo, machozi yakamtoka hapo hapo kwenye kiti cha benki kubwa, mbele ya wateja. Marlys akamsubiri amalize, kama alivyokuwa akiwasubiri watoto kwenye foleni ya chakula.

Aligawanya akiwa njiani kurudi, kichwani, bila daftari. Siku nne za Harlan na zaidi ya nusu ya siku ya tano. Ndizo alizozichoma kwa ajili ya sentensi moja. Kuna jioni aliona ni bei ndogo. Kuna jioni, nazo zilikuwa nyingi zaidi, alikaa mezani na mchoro wa ngazi mbele yake akaona kwamba pengine Harlan hakumwambia yeye. Kwamba maneno yale yalikuwa yametoka mahali ambapo maneno yote ya Harlan yalikaa sasa, yakazunguka, yakamwangukia yeye kwa bahati, kama ambavyo yangeweza kumwangukia Rochelle. Hakuwa na wa kumuuliza. Aliyejua alikuwa Harlan peke yake.

Pesa zilifika hadi mwisho wa Novemba. Za Desemba hazikutimia. Barua ya makao ilikuwa na maneno mazuri. Nafasi ilikuwa imepatikana kule kaskazini, kitanda karibu na ukuta, na isipochukuliwa wiki hiyo ingepewa mwingine. Mzee mmoja wa kanisa aliahidi kumpeleka Marlys mara moja kwa mwezi, barabara zikiruhusu. Desemba ile theluji ilikuwa imeshafunika vibao vya barabarani.

Usiku wa kuamkia safari Marlys alishona jina la Harlan kwenye sweta zake sita kwa mkono, cherehani haikuwepo. Asubuhi alitembea dakika zake nane. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika, injini inanguruma. Lilikuwa na nafasi ya mgonjwa na mhudumu tu.

Walimtoa Harlan nje akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kofia yake ya masikio imefungwa hadi kidevuni. Rochelle aliweka breki ya kiti, akasogea pembeni akijifanya anatafuta glavu. Marlys akamtia mumewe peremende mdomoni, na zilizobaki, paketi nzima, akazisukuma ndani ya mfuko wa koti lake.

Harlan alinyonya. Alitazama gari, akatazama mvuke uliokuwa ukimtoka mwanamke huyu mdomoni.

"Wanatoa ngapi?" akauliza.

"Nimetoa zote, Harlan."

"Zote?"

"Zote."

Akawaza. Peremende iligonga meno. "Umeziweka kwa muda gani?"

Marlys alitazama masikio yake, ndiyo aliyoweza kuyaona.

"Miaka mitano," akasema.

Harlan akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akautoa mkono kwenye blanketi, akampa, na Marlys akaupokea. Harlan akaupeleka juu na chini mara mbili, sawasawa, kama mtu aliyemaliza shughuli.

"Umefanya vizuri, bibi," alisema. "Na mwambie mumeo asiwe na haraka."

Kisha wakampandisha.